Jinsi ya kurekodi magofu ya mwambao na kuchora ramani ya mipaka yake: mwongozo kamili

Ramani nyingi za magofu ya mwambao wetu zina kasoro moja: zinaonyesha kuta tu. Msikiti umo, jumba la mawe limo, kaburi la mnara limo, kisha mpaka unazungushwa kwenye kuta hizo na kazi inahesabiwa imekwisha. Lakini wakazi wengi wa miji hiyo hawakulala katika nyumba za mawe. Walilala katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na nyumba ya namna hiyo ikianguka haiachi gofu. Inaacha mabonge ya udongo, vigae, makombe na mavi ya chuma (masalio ya kuyeyusha chuma) katikati ya shamba la muhogo. Kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe katika miaka ya 1980 akakuta alama za misikiti ya miti iliyoutangulia, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Pemba nako, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipopima mashamba kwa vishimo vidogo vya majaribio walikuta makazi makubwa ya udongo, kama yale ya Tumbe, mahali ambapo mpita njia haoni ukuta wowote.

Kwa hiyo msingi wa mwongozo huu ni mmoja: chora mji, usichore kuta peke yake. Nimeuandika kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi, afisa utamaduni wa wilaya, mlinzi wa magofu, au kijana wa kijijini mwenye simu, tepu na subira. Unahusu kurekodi kilichopo juu ya ardhi, bila kuchimba na bila kuokota, hadi upate ramani inayoweza kuwekwa mezani kwenye ofisi ya ardhi na ikajibu maswali.

Ruhusa kabla ya tepu

Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa kumbukumbu za kale majengo yaliyojengwa kabla ya 1886, na vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Hata milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 imetajwa humo. Kenya inatumia Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, ambako mwaka unaotazamwa ni 1895, na msimamizi ni Makumbusho ya Taifa. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake ya makumbusho na mambo ya kale, hivyo barua ya Dar es Salaam haikufikishi mbali ukiwa Unguja au Pemba.

Kupiga picha kama mgeni yeyote ni jambo moja. Kupima, kurekodi na kukusanya taarifa kwa utaratibu ni utafiti, na utafiti una vibali: kutoka tume za sayansi na teknolojia, yaani COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, pamoja na idhini ya mamlaka ya malikale yenyewe. Kuchimba kuna leseni yake ya pekee, na humu hatuchimbi. Ukitaka kurusha droni, ongeza kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na anza kukifuatilia mapema. Beba nakala za vyote hivyo ukienda uwandani, maana mwenyekiti wa kijiji ana haki ya kuziona kabla hujafungua begi.

Kazi ya mezani

Tafuta kwanza kama mahali hapo paliwahi kuandikwa. Magofu mengi ya pwani yalipitiwa na wanaakiolojia kama Neville Chittick, James Kirkman au Peter Garlake kati ya miaka ya 1940 na 1960, na michoro yao inaonyesha kuta ambazo leo hazipo tena. Ukiweka mchoro wa wakati huo kando ya hali ya sasa, tayari una ushahidi wa uharibifu ambao hakuna ripoti ya maneno matupu inayoweza kuutoa.

Kisha chukua karatasi za ramani za skeli ya 1:50,000 na picha za setilaiti. Kwenye picha angalia mibuyu iliyojikusanya mahali pamoja, kichaka kinene kilichoachwa katikati ya mashamba (mara nyingi wakulima hukikwepa kwa sababu ya mawe, makaburi au mzimu), na mabaka ya udongo wa rangi tofauti. Rudi nyuma pia kwenye picha za miaka iliyopita. Za mwisho wa kiangazi ndizo bora, majani yakiwa yamepukutika.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa datamu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya Arc 1960, wakati simu na GPS yako vinatumia WGS 84. Ukisoma koodineti kwenye karatasi ya zamani na kuziingiza moja kwa moja kwenye simu, utasimama takriban mita 300 kutoka mahali penyewe, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Katika kichaka cha kisiwa cha Songo Mnara, jirani na Kilwa, mita 300 zinatosha kukupeleka kwenye mikoko ukidhani gofu limepotea. Kila unapoandika koodineti, andika na datamu yake. Pwani yote kuanzia Lamu hadi Mtwara ipo katika kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa gridi unaoigawa dunia kwa kanda. Kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, namba ya mfumo huo ni EPSG:32737 kwa WGS 84, na EPSG:21037 kwa Arc 1960.

Kuingia kijijini

Piga hodi ofisini kwa mwenyekiti, omba kukutanishwa na wazee, na ukae usikilize. Magofu haya yana wenyewe. Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, watu wa Shela bado huvuka maji kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Kilwa Kisiwani watu wanaishi, wanalima na kuzikana katikati ya magofu. Atakayeingia na tepu bila kuuliza anaweza kukanyaga mahali pasipoingiwa na viatu, na baada ya hapo asipate mtu wa kumwambia lolote la maana.

Waulize wazee majina ya sehemu: kisima hiki kinaitwaje, pale penye mbuyu paliitwa nini, madau yalitia nanga wapi. Andika jina kama linavyotamkwa hapo hapo, si kama unavyodhani lingepaswa kuandikwa. Waulize pia akina mama wanaolima, kwa kuwa ndio wanaojua jembe linagonga vigae wapi. Kwa uzoefu wangu, nusu saa na mkulima wa eneo huokoa siku nzima ya kutembea.

Kuhusu mahali pa ibada, kubalianeni mapema: kipi kirekodiwe, kipi kipigwe picha, na kipi kiandikwe bila kuonyeshwa kwenye ramani ya hadharani. Makubaliano hayo yaandikwe na yasomwe mbele ya waliokuwepo.

Kutembea kwa mistari

Usianzie kwenye gofu. Anzia nje, mahali unapoamini hakuna kitu, na utembee kuelekea ndani. Wapangeni watu wanne au watano kwa nafasi ya mita 10 baina yao (20 kama ardhi ni wazi na muda ni mfupi), wote waende kwa dira upande mmoja, kila mmoja akiangalia ardhi iliyo mbele yake. Washa kirekodi cha njia kwenye simu ili baadaye ramani ionyeshe ulikopita na ambako hukupita. Sehemu isiyopitiwa isije ikasomwa kuwa sehemu isiyo na kitu.

Kila mnapokuta kitu, wote wasimame. Hesabuni vigae ndani ya mduara wa mita moja, pigeni picha, chukueni koodineti, na vigae vibaki palepale. Kigae kikiokotwa kinakuwa pambo, wakati kikiwa ardhini ni ushahidi wa mpaka wa mji.

Si lazima uwe mtaalamu wa vyungu ili utambue makundi makuu. Vigae visivyong'aa, vyenye mikwaruzo ya pembetatu karibu na shingo ya chungu, ni vya karne ya 7 hadi ya 10 hivi, na vimesambaa kutoka Lamu hadi Msumbiji na bara pia. Vigae vya kung'aa vilivyochorwa kwa kukwaruza chini ya rangi, kutoka nchi za Kiislamu, ni vya karne ya 11 hadi ya 13 kwa kawaida. Vile vya manjano vyenye mistari myeusi, kutoka Yemen, ni vya karne ya 13 na 14. Kaure ya kijani ya Kichina na ile ya buluu na nyeupe huwa za baadaye kidogo. Ukiwa na shaka, andika unachokiona (rangi, unene, kama kinang'aa ndani au nje) na picha yenye kipimo. Atakayekuja na ujuzi zaidi ataweza kuisoma.

Tafuta pia mabonge ya udongo ulioungua yenye alama za fito. Hizo ni kuta za nyumba za udongo, na zina thamani ileile ya ukuta wa matumbawe. Na usiusahau ufuko. Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, utazame gati, njia za mawe na vigae vilivyomwagwa na mawimbi.

Fomu na namba

Kila kitu kipewe namba moja isiyorudiwa: herufi za eneo, mwaka, namba ya mfululizo. Kenya na Tanzania wataalamu hutumia pia mfumo wa SASES wa kuyapa maeneo ya kale namba, wenye herufi nne zinazotokana na latitudo na longitudo na kisha namba, lakini namba hiyo hutolewa na mamlaka, wewe usijitungie. Fomu ijibu mambo haya: ni nini, kiko wapi, kina ukubwa gani, kiko katika hali gani, nani anatumia ardhi hiyo sasa, tishio ni lipi, aliyerekodi ni nani na lini. Fomu ya kurasa sita haijazwi na mtu yeyote jua la saa saba likiwaka, kwa hiyo weka ukurasa mmoja. Programu za KoboToolbox na QField hufanya kazi kwenye simu bila mtandao, ila daftari la karatasi liwepo, kwani betri huisha.

Andika latitudo na longitudo kwa tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu ya tano ni kama mita moja. Ukiacha tatu tu, unamtuma mwenzio kwenye duara la zaidi ya mita 100.

Picha

Picha ya kwanza iwe ya karatasi yenye namba ya mahali na tarehe, halafu zifuate picha zenyewe. Kila upande wa jengo upigwe ukiwa umesimama mkabala nao, ukiwa na kijiti kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita 20. Jua la mchana hulainisha kila kitu. Maandishi na nakshi za kibla hujitokeza asubuhi na alasiri, mwanga unapokuja kwa ubavu. Maandishi ya mwaka 500 wa Hijria (1107) katika msikiti wa Kizimkazi, au kaburi la Gedi lenye tarehe 802 (1399), husomeka vizuri kwa mwanga wa pembeni. Kama jua halipo upande huo, mwenzio ashike tochi pembeni. Usipake chaki, usimwage maji, usisugue kwa brashi.

Kwa mfano wa pande tatu kwenye kompyuta, zunguka jengo hatua moja moja, kila picha ikifunika takriban asilimia 70 ya iliyotangulia, na usibadilishe zumu katikati.

Kupima: hapa ndipo penye kazi

GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 5 mahali pa wazi, na zaidi chini ya miti. Haifai kupima chumba. Itumie kuliweka gofu zima mahali pake duniani, na ndani ya gofu tumia tepu.

Chukua msikiti mdogo ulioanguka, kama ilivyo mingi kati ya Tongoni na Kilwa. Pigilia vigingi viwili nje ya ukuta mrefu, uvute kamba iliyonyooka, kisha ulaze tepu ya mita 30 juu yake na uiache hapo. Huo ndio mstari wa msingi. Kila kona, kila mlango, kila nguzo unaisoma kwa vipimo viwili: imefika wapi kwenye mstari huo, na iko umbali gani kutoka kwenye mstari kwa pembe mraba. Ili kuipata pembe mraba tumia kanuni ya mafundi ya pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5. Soma vipimo kwa mfululizo kutoka sifuri (1.20, 3.45, 4.90) badala ya kupima kipande kimoja kimoja na kujumlisha, kwa maana makosa madogo hujumlishwa pamoja navyo. Ukuta ukiwa umeinama, timazi ikuonyeshe umeinama kiasi gani, na uandike kipimo hicho.

Kisha pima pembe kwa pembe, mishazari yote miwili ya kila chumba. Vyumba vya kale havina pembe sahihi. Mishazari ikitofautiana kwa sentimita 12, chumba kimepinda na mchoro upinde vivyo hivyo. Usinyooshe kwa rula.

Jengo lenyewe litakusaidia kujikagua. Dari za mwambao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa, hivyo vyumba vya nyumba za mawe huwa vyembamba, chini kidogo ya mita 3, hata vikiwa virefu. Daftari likikuonyesha chumba cha upana wa mita 5 kisicho na nguzo, rudi upime, au tafuta ukuta wa kati ulioanguka chini ya majani. Kwenye msikiti, tazama kibla. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ukiwa Kilwa, na mwambao wote kibla huelekea upande wa kaskazini. Mshale wako wa kaskazini ukielekeza kibla mashariki, dira imevutwa na chuma (pengine panga la mwenzio), au umegeuza karatasi.

Chora papo hapo kwa penseli kwenye karatasi ya grafu: 1:50 kwa msikiti, 1:100 kwa jumba kubwa, 1:20 kwa ukuta wenye nakshi. Onyesha mawe yaliyokatwa laini kwa milango na kibla tofauti na mawe magumu ya kuta, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo humwambia mtaalamu palipozibwa na palipoongezwa. Chora vidaka, birika, kisima, choo, na mashimo ya boriti ukutani. Usitoke kabla mchoro haujakamilika, kwani vipimo vinavyoachwa vikachorwe nyumbani hukosekana kimoja daima, nacho ndicho muhimu.

Hali ya gofu

Andika tishio kwa maneno mahususi. “Limechakaa” haimsaidii mtu. Sema mkuyu umeota juu ya ukuta wa mashariki, mzizi mnene kama mkono umeshuka hadi msingi, na ufa una upana wa sentimita 4 kwa juu. Angalia viraka vya saruji: saruji ni ngumu kuliko chokaa na hufunga unyevu na chumvi ndani, hivyo jiwe lililo pembeni yake ndilo humomonyoka. Pima umbali kutoka ukingo wa bahari hadi ukuta wa karibu. Mmomonyoko wa ufuko ulikuwa sehemu ya sababu zilizoiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, hadi zilipotolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya miaka. Kipimo kimoja cha leo, kikirudiwa kila mwaka mahali palepale, kina uzito mbele ya anayeombwa fedha za kujenga kinga.

Kuchora mpaka

Ingiza kwenye QGIS njia mlizotembea, idadi ya vigae, visima, makaburi, mabonge ya udongo na michoro ya majengo. Michoro ipige skani na uioanishe na koodineti za vigingi ulizochukua kwa GPS. Sasa mji utaanza kujionyesha wenyewe: pale vigae vinapokuwa vingi, pale vinapofifia, pale vinapokoma.

Usikate mpaka mahali vigae vinapofifia. Mimi husogeza hadi mstari ambao hatukuona chochote, kisha naongeza ukanda wa kinga nje yake. Uwanja mtupu katikati ya mji usiutoe ukidhani si kitu: Songo Mnara watafiti waligundua kwamba nafasi za wazi kati ya nyumba na msikiti zilikuwa na makaburi na shughuli zake, sehemu ya mpango wa mji tangu mwanzo. Visima vya nje, bandari na tanuri la chokaa viingie pia.

Kisha tembea mpaka huo na wazee, mwenyekiti na wenye mashamba, kwa miguu, simu ikirekodi. Uegemeze kwenye vitu vinavyoonekana: njia, ukingo wa ufuko, mbuyu, bikoni za zege zilizopigwa namba. Mpaka unaokata shamba la mtu katikati bila yeye kujua utavunjwa msimu wa kulima. Andika ndani ya kila eneo kinachoruhusiwa: kuzika kuendelee, kulima kwa jembe la mkono kuendelee au la, kujenga msingi kusiwepo. Hakikisha ramani hiyo inaingia kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, kwa sababu viwanja hugawiwa kwa mpango huo. Ramani iliyobaki kwenye faili la chuo haimzuii mnunuzi.

Kutunza na kutotangaza

Weka nakala tatu katika mahali pawili tofauti, moja ikiwa kwa mamlaka ya malikale. Kijiji kipewe ramani iliyochapishwa, kubwa, kwa Kiswahili, yenye majina waliyokupa wao. Picha zihifadhiwe na majina yenye namba ya mahali, si namba za kamera.

Koodineti kamili za sehemu zisizo na mlinzi usizirushe mtandaoni. Wapo wanaochimba usiku wakitafuta mali ya Mjerumani, na bakuli za kaure zilizokuwa zimepambwa kwenye makaburi ya minara, kama ya Kunduchi, nyingi zimeng'olewa. Kwenye ramani ya hadharani onyesha eneo kwa duara la kilomita kadhaa au jina la kata tu. Picha za simu hubeba koodineti ndani yake bila kuonekana, kwa hiyo futa koodineti hizo kabla ya kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp.

Mwaka ukizunguka, rudi na picha zile zile mkononi, simama mahali pale pale, na upige tena.